Kitenzi Kimoja, Maana 645: Historia ya "run" katika Kiingereza

Mwaka 2011 wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford walikuwa wamekipitia upya kitenzi "run", na walipohesabu walipata maana 645. Hakuna neno lililowahi kufikia hesabu hiyo katika kamusi hiyo. Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kwamba "run" ni kukimbia, na hajafundishwa vibaya, kwa maana hata Mwingereza hilo ndilo linalomjia kwanza. Lakini akifungua gazeti la Kiingereza atakuta mto, pua yenye mafua, mtambo, kampuni, mgombea ubunge, tamthilia na programu ya kompyuta vyote vimepewa kitenzi hicho hicho, na vingi kati ya hivyo havina miguu. Wingi huo ulikusanyika kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Sababu zake kubwa ni mbili: kumomonyoka kwa viambishi vya vitenzi vya Kiingereza, na mazoea ya wasemaji wake ya kukikabidhi kitenzi hiki karibu kila chombo kipya kilichoanza kwenda.

Karne ya 5 hadi ya 15: vitenzi viwili vyawa kimoja

Makabila ya Kijerumani yaliyovuka bahari na kuhamia Uingereza kuanzia karne ya 5 yalikuwa na kitenzi ambacho katika Kiingereza cha Kale huonekana kama "rinnan", ingawa mara nyingi zaidi sauti zake zilipinduliwa kikawa "irnan". Tangu hapo hakikuwa na kazi moja. Kilitumika kwa mtu au mnyama aendaye mbio, na pia kwa maji yanayotiririka. Kijerumani cha leo, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, kimezigawa kazi hizo: "rennen" ni kukimbia na "rinnen" ni kutiririka. Kiingereza kiliziacha mahali pamoja.

Kando yake palikuwa na kitenzi cha pili, "ærnan", kilichohusu kwenda mbio kwa farasi au kumkimbiza mnyama. Uhusiano wa viwili hivyo mzungumzaji wa Kiswahili anauelewa bila kuelezwa sana, kwa kuwa ndio uliopo kati ya kimbia na kimbiza, au enda na endesha. Tofauti ni kwamba Kiswahili huionyesha kauli ya kutendesha kwa kiambishi kinachosikika wazi mwishoni mwa neno. Kiingereza cha Kale kiliionyesha kwa badiliko la irabu tu, na tofauti nyembamba kama hiyo ni rahisi kupotea pale watu wa lugha mbili wanapolazimika kuelewana kila siku.

Hali hiyo ndiyo iliyokuja. Waviking walivamia monasteri ya Lindisfarne mwaka 793, na kuanzia 865 majeshi yao hayakuja tena kupora na kuondoka, bali yalibaki. Walowezi wa Kidenmaki na Kinorwe walilima mashamba ya kaskazini na mashariki mwa Uingereza, wakaoa na kufanya biashara na wenyeji. Lugha yao ilikaribiana na Kiingereza kiasi cha watu kusikilizana nusu nusu, nayo ilikuwa na jozi yake, "rinna" ya kutenda na "renna" ya kutendesha. Jozi mbili zilipokutana, mipaka ilivurugika. Maandishi ya karne zilizofuata yana maumbo mengi ya kitenzi hiki, baadhi yenye irabu i, mengine e, mengine o au u, bila mpaka wa kuaminika kati ya anayekimbia na anayekimbiza.

Ushindi wa Wanormani mwaka 1066 uliharakisha mambo. Kifaransa na Kilatini vilitwaa ikulu, mahakama na ofisi, na Kiingereza kikabaki zaidi kuwa lugha ya wakulima na mafundi kwa vizazi kadhaa, bila chombo chochote cha kusimamia usanifu wake. Viambishi vya mwisho wa vitenzi vilizidi kufifia. Kufikia mwisho wa karne ya 15, kitenzi kilekile kiliweza kusimama na mtenda peke yake au na mtendwa nyuma yake, bila kubadilika hata herufi. Farasi "runs", na mwenye farasi naye "runs" farasi wake. Hapa ndipo mlango ulipofunguka. Kitu chochote kinachoweza kwenda chenyewe kiliweza pia kuendeshwa kwa neno hilo hilo, na kila maana mpya ya upande mmoja iliweza kuzaa pacha wake upande wa pili.

1500 hadi 1750: bahari, deni na benki

Karne za safari za baharini zilikipeleka kitenzi hiki melini. Jahazi linalosukumwa na upepo wa nyuma lilikuwa "running", na likipanda mwamba au fungu la mchanga pia lili"run". Wavusha magendo wa pwani za Kent na Sussex, waliokwepa ushuru wa chai na pombe katika karne ya 18, walikitumia kwa kazi yao ya kuingiza mali usiku. Maana hiyo haikufa. Ilirudi Marekani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, meli zilipopenya vizuizi vya bandari za kusini, na ikarudi tena 1920 hadi 1933, pombe ilipopigwa marufuku nchini humo.

Nchi kavu, maana ya kutiririka iliendelea kuzaa. Tafsiri ya Biblia iliyotolewa 1611 chini ya Mfalme James ilikitumia kwa kikombe cha Zaburi ya 23 kinachojaa hadi kumwagika. Mshumaa unaoyeyuka, jicho linalotoka machozi na rangi ya nguo inayochuja vyote vilifuata mkondo huo. Anayenunua khanga huuliza kama inachuja. Mwingereza huuliza swali hilo hilo kwa kitenzi cha mto.

Fedha nayo ilikuwa na mwendo wake. Mtu aliweza ku"run" hadi kwenye deni. Kisha ikaja maana iliyozaliwa na taasisi mpya. Benki Kuu ya Uingereza ilianzishwa 1694, na miaka miwili tu baadaye ilibanwa na wenye hati waliotaka kulipwa sarafu wakati sarafu hazitoshi. Katika muongo huo huo Kiingereza kilianza kuita tukio la wateja kuivamia benki kwa wingi "run". Neno lilifaa kwa sababu lilibeba mambo mawili pamoja, miguu ya watu wanaowahi dirishani na fedha inayotiririka nje. Kiswahili kinachosema wateja wanakimbilia benki kinapata la kwanza na kulikosa la pili. Hofu ya namna hiyo ilitikisa London Mei 1866, kampuni ya fedha ya Overend, Gurney ilipofunga milango, na ikaonekana tena Septemba 2007 katika foleni nje ya matawi ya Northern Rock. Mara zote mbili magazeti yaliandika neno lile lile.

Upande wenye giza zaidi wa kipindi hiki umo katika magazeti ya makoloni ya Amerika. Matangazo ya watumwa waliotoroka, yenye jina, umri, makovu na kiasi cha zawadi, yalianza mara nyingi kwa wakati uliopita wa kitenzi hiki. Kwa mwenye mtumwa lilikuwa neno la kuripoti mali iliyopotea. Kwa aliyetoroka lilikuwa neno la uhuru, ingawa tangazo halikuandikwa na yeye.

Mchezo wa kriketi, ambao sheria zake za zamani zaidi zinazojulikana ni za 1744, uliongeza jambo dogo lakini lenye kudumu. Waandishi wa matokeo walihesabu kwa kukata pengo kwenye kijiti, na alama ziliitwa mapengo. Baadaye hesabu ilihamia kwenye kile wachezaji walichofanya uwanjani, yaani kukimbia kati ya vijiti, na alama yenyewe ikaitwa "run". Mchezaji leo anaweza kupata sita kwa pigo moja bila kuinua mguu, na bado zote sita ni "runs".

1755: Samuel Johnson aungama ugumu

Samuel Johnson alitia saini mkataba wa kuandika kamusi mwaka 1746 na kuichapisha 1755, ikiwa na maneno 42,773. Alifanya kazi hiyo kwenye dari ya nyumba ya Gough Square, London, akiwa na makarani sita. Alisoma vitabu, akapigia mstari sentensi alizozitaka, nao wakazinakili kwenye vipande vya karatasi.

Maneno magumu na ya nadra hayakumsumbua sana. Yaliyomchosha ni yale mafupi yanayotumika kila saa. Katika dibaji aliyataja kwa majina, na "run" imo katika orodha hiyo pamoja na "set", "go", "make", "take", "turn" na mengine. Alilalamika kwamba maana zao ni legevu na matumizi yao yamesambaa mno kiasi kwamba ni vigumu kuzifuata zinavyopinda kutoka ile ya asili. Kitenzi "take" peke yake alikigawia maana 134. Kabla yake watunzi wengi wa kamusi za Kiingereza walijishughulisha zaidi na msamiati mgumu, kwa hoja kwamba mepesi kila mtu anayajua. Johnson aligundua kwamba mepesi ndiyo yasiyojulikana.

1712 hadi 1914: mtambo unaopata miguu

Hapa ndipo historia ya neno hili ilipobadilika kabisa, na inastahili kuangaliwa kwa karibu.

Mashine ndogo, kama vinu na saa, zilikwisha kupewa kitenzi hiki tangu karne ya 16. Lakini mashine hizo zilikuwa chache. Thomas Newcomen aliposimamisha injini yake ya mvuke karibu na Dudley mwaka 1712 kuvuta maji mgodini, na James Watt alipopata hati ya ubunifu wa injini bora zaidi mwaka 1769, ilianza enzi ambayo vitu vya kwenda vilikuwa vikiongezeka kila mwaka. Kila kimoja kilihitaji kitenzi. Injini ili"run" kwa maji na makaa, kiwanda kili"run" usiku na mchana, na fundi ndiye aliyei"run" injini hiyo. Utendaji na utendeshaji, vilivyounganishwa na Waviking na wakulima wa Kiingereza, sasa vilipata ajira ya kudumu.

Reli iliongeza jambo jingine, yaani ratiba. Njia ya Liverpool hadi Manchester ilifunguliwa 15 Septemba 1830, na treni ilipoanza kuondoka kwa saa zilizotangazwa, "run" ikapata maana ya kutoa huduma kwa utaratibu. Treni ina"run" siku za Jumatatu hata kama wakati huo imesimama kwenye banda. Maana hiyo haihitaji mwendo wowote machoni. Inahitaji ahadi ya mwendo.

Magazeti yalikuwa yamekwisha kuonja mvuke. Toleo la The Times la 29 Novemba 1814 lilichapwa kwa mashine ya mvuke ya Friedrich Koenig, iliyotoa takriban karatasi 1,100 kwa saa. Mashine ilipokwenda, gazeti nalo likaonekana kwenda, na kutoka hapo si mbali kufika kwenye habari ambayo mhariri "anai-run", au idadi ya nakala zinazotoka kwa mkupuo mmoja.

Kutoka mtambo, kitenzi kiliruka hadi taasisi. Wamarekani wa karne ya 19 walianza ku"run" duka, hoteli na shamba kama walivyo"run" injini, na katika miaka ya 1860 maana ya kuongoza biashara ilikuwa imeshika. Jumba la michezo lili"run" tamthilia, na tamthilia ili"run" yenyewe. Tamthilia ya Agatha Christie, The Mousetrap, iliyoanza London Novemba 1952, iliendelea hadi janga la korona lilipoisimamisha Machi 2020, na muda wote huo huitwa kwa Kiingereza "run" moja.

Siasa ilifuata. Maana ya kuwania cheo ni ya Kimarekani, ya miaka ya 1820. Mwingereza yeye husema mgombea anasimama. Nchi mbili zenye lugha moja zimeuona uchaguzi kwa namna mbili: moja inaona mashindano ya mbio, nyingine inaona mtu aliyejitokeza mbele za watu na kungoja kuamuliwa. Kiswahili kimechukua njia ya tatu, ile ya ugomvi, kikapata mgombea.

1857 hadi 1928: karatasi za Oxford

Jumuiya ya Wanafilolojia ya London ilianza mwaka 1857 kujadili upungufu wa kamusi zilizokuwapo, na kazi ya kutunga mpya ikamwangukia James Murray mwaka 1879. Kanuni yake ilikuwa moja: kila maana iwekwe kwa mfuatano wa wakati, ikithibitishwa na sentensi zenye tarehe. Mamia ya watu wa kujitolea walisoma vitabu na kutuma karatasi, kila moja ikiwa na neno kwenye pembe ya juu kushoto, chini yake mwaka, mwandishi, kitabu, ukurasa na sentensi nzima.

Kwa neno kama "run" kazi haikuwa kutafuta karatasi bali kuzipanga. Mhariri alizitandaza mezani na kuuliza mambo matatu ya kila sentensi: ni nini kinachokwenda, je kuna kitu kinachoendeshwa, na kihusishi gani kinafuata. Chukua karatasi nne. Katika ya kwanza mvulana ana"run". Katika ya pili barabara ina"run" kutoka mjini hadi pwani, na hakuna kinachosogea. Katika ya tatu mtu ame"run" akiba ya unga ikaisha, kwa kuongeza kihusishi "out". Katika ya nne, kwa kihusishi "into", amekutana na rafiki bila kutarajia. Kitenzi hakijabadilika, ila majirani zake wamebadilika, na hao ndio walioamua karatasi iende fungu gani. Mwaka 1897, kazi ya Oxford ikiendelea, Mfaransa Michel Bréal alichapisha kitabu kilichoipa sayansi ya lugha istilahi ya hali hiyo, polisemia.

Herufi R haikuwa ya Murray. Ilihaririwa na William Craigie, Mskoti aliyebobea katika Kiaislandi, na sehemu yenye "run" ilitoka 1910. Bahati ilipanga vizuri, neno lenye damu ya Waviking likaangukia mikononi mwa mtu aliyeijua lugha yao. Murray alifariki 1915, na kamusi ilikamilika 1928. Kidahizo kirefu kuliko vyote hakikuwa "run" bali "set", kilichoshughulikiwa na mhariri mwenzao Henry Bradley. Katika toleo la pili la 1989, kitenzi hicho kilikuwa bado na taji, kikiwa na maana 430.

Mashine ya uchapaji ya Oxford haikuwa mbali na Waswahili. Mwaka 1894 Clarendon Press, wachapishaji wa kamusi hiyo ya Oxford, walitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya A. C. Madan, mmisionari wa Zanzibar. Yeye na waliomfuata, akiwamo Frederick Johnson mwaka 1939, walikabili upande wa pili wa tatizo la Craigie. Mhariri wa Oxford alitenganisha maana ndani ya neno moja. Mtunga kamusi wa Kiswahili alilazimika kulivunja neno hilo na kuligawa kwa kukimbia, kutiririka, kuendesha, kugombea, kuchuja na mengine, kwa sababu viambishi vya Kiswahili havikumomonyoka. Si kwamba Kiswahili hakina vitenzi vya aina hiyo. Mgeni anayejifunza kwamba piga ni kutandika, kisha akasikia piga simu, piga pasi, piga kura na piga hodi, hupata jasho lile lile.

1948 hadi 2011: programu na taji

Asubuhi ya 21 Juni 1948, katika Chuo Kikuu cha Manchester, kompyuta ndogo ya majaribio ilitekeleza programu iliyohifadhiwa ndani yake kwa dakika 52 hadi ikatoa jibu. Kompyuta ilikuwa mashine, na mashine huwa zina"run", kwa hiyo neno halikutafutwa. Lilichukua hatua moja zaidi tu, kwani kilichokwenda sasa hakikuwa chuma bali maagizo. Tarehe 1 Mei 1964 John Kemeny na Thomas Kurtz wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walizindua lugha ya BASIC, ambayo mtumiaji aliamuru programu ianze kwa kuandika RUN. Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 zilipoibeba BASIC, mamilioni ya watoto waliandika herufi hizo tatu hata kama Kiingereza hakikuwa lugha yao.

Wakati huo huo kompyuta zilianza kutakiwa kuelewa neno zililoliazima. Mwaka 1949 mwanahisabati Warren Weaver alipendekeza kwamba tafsiri ya mashine ingewezekana ikiwa mashine haitalitazama neno peke yake bali pamoja na maneno kadhaa ya kulia na kushoto. Ni njia ya Craigie mezani, kwa maneno ya fundi mitambo. Mwaka 1960 mwanafalsafa Yehoshua Bar-Hillel alidai kwamba hilo halitoshi, kwa kuwa mara nyingine maana huamuliwa na ujuzi wa dunia usioandikwa popote katika sentensi. Ubishi huo haujaisha, ingawa mifumo iliyotokea kuanzia 2018, inayolipa neno moja thamani tofauti kulingana na sentensi liliyomo, imempa Weaver alama nyingi.

Toleo la tatu la kamusi ya Oxford, linaloandaliwa kwa kompyuta, lilianza kuchapishwa mtandaoni mwaka 2000. Baada ya kuhaririwa upya "make" iliipita "set" mwaka huo, na "put" ikaipita "make" mwaka 2007. Kisha mhariri Peter Gilliver akaikabili "run" kwa muda wa miezi tisa hivi, na 2011 ikatokea na maana 645 za kitenzi. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka mahali palipotarajiwa, yaani mitambo, biashara na kompyuta za karne mbili za mwisho. "Set" ni neno la kuweka kitu kikatulia, na enzi ya mvuke na umeme haikuwa na vitu vingi vilivyotulia. Kamusi hiyo hurekebishwa kila robo mwaka, kwa hiyo idadi ya 2011 si ya mwisho.